Dizeli Lita Mbili

Mungu hakuwa na mtungi wa dizeli siku ile. Aliyekuwa nao ni Walubengo. Inabidi lisemwe mapema, kwa sababu huko Kisian mpaka leo watu wanamsingizia Mungu, na wasipomsingizia Mungu wanamsingizia mke wa watu, ilhali kazi ilifanywa na fundi mmoja kwa mikono yake, mchana kweupe, akiwa mzima wa akili na hajaonja hata tone la chang'aa.

Huyu Walubengo alikuwa Mbukusu wa Kimilili. Alikuja Kisumu akiwa barobaro, akafagia sakafu ya gereji ya Mhindi mmoja aliyeitwa Mzee Harbans, akapanda pole pole mpaka akawa fundi mkubwa. Harbans alipofunga kazi, Walubengo alifungua gereji yake mwenyewe Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi: mabati sita, shimo moja lililojengewa matofali, na benchi la wateja. Mikono yake ilikuwa mizuri, hilo hakuna anayelikataa. Tatizo lake lilikuwa moja tu, hakuweza kuvumilia uchafu. Gari likija kubadilishwa oili, alimwaga ile nyeusi, akatia dizeli kidogo, akawasha injini dakika mbili tatu, akaimwaga dizeli pamoja na takataka zake, ndipo akatia oili mpya. Mafundi wengi wa kando ya barabara walikuwa wakiosha injini hivyo. Lakini yeye aliifanya kama ibada, na alikuwa na neno lake kwa wateja: "Mama yangu hakutia maziwa kwenye kibuyu ambacho hajaosha." Wateja walicheka, wakaondoka wameridhika.

Jumanne moja ya Februari, mwaka wa themanini na nane, Mwalimu Obiero wa Kisian aliingia na Pijo lake jeupe, lile refu la kubebea watu na mizigo. Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu mkuu, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemkata mguu wa kushoto juu ya goti. Ndiyo sababu gari lile lilikuwa la otomatiki, la kujibadilisha gia lenyewe. Halikuwa na klachi, na mtu wa mguu mmoja aliweza kuliendesha. Alilinunua kwa daktari mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, na Kisumu nzima usingepata mengine kumi ya namna ile.

Nyuma alikuwa ameketi mkewe, Seline, na magunia mawili ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka Dunga. Gari zima lilinuka omena. Seline alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye pumu mbaya. Ikimshika, haikuwa ya kungoja dawa ya kienyeji wala maombi. Alitiwa garini, Mwalimu akakanyaga mafuta, na kutoka Kisian mpaka hospitali Kisumu mjini zilikuwa dakika kumi na nane. Mwalimu alikuwa amezipima kwa saa yake ya mkononi. Mara saba alikuwa amezipima.

"Omera, ndugu yangu fundi," Seline alisema akishuka, "tunza hii gari vizuri. Hii ndiyo mapafu yangu. Zile Mungu alinipa ni za mkopo."

"Mama, wewe utatuzika sisi wote," Walubengo akamjibu.

"Nitawazika na nini na bei ya majeneza imepanda?"

Wakacheka wote watatu.

Shida ya gari ilikuwa ndogo. Asubuhi ukiweka gia, lilisita kidogo kabla ya kuondoka, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Mwalimu alikuwa ameshapata jibu. Alitoa kitabu cha gari ndani ya mfuko wa koti, akavaa miwani.

"Kitabu kinasema oili ya giaboksi ibadilishwe kila kilomita elfu arobaini. Mimi niko na hii gari miaka tisa na sijabadilisha hata mara moja. Ni aibu, Walubengo. Nimefundisha watoto wa watu usafi, na mimi mwenyewe nimekaa na uchafu miaka tisa."

Hapo ndipo Walubengo alipotakiwa kufungua mdomo. Maana Mzee Harbans, siku moja akiwa chini ya otomatiki nyingine, alimwambia maneno ambayo hakuyasahau: "Otomatiki zee, oili nyeusi, wewe acha. Ndani sahani imekwisha. Ule uchafu ndio inashika sahani. Ukitoa uchafu, injini iko lia lakini gari haiendi." Sahani ni zile bati za ndani ya giaboksi zinazoshikana ili injini isukume magurudumu. Walubengo aliyakumbuka maneno hayo neno kwa neno, akamwangalia Mwalimu na miwani yake na kidole chake juu ya ukurasa. Angemwambia nini? Kwamba kitabu kimekosea na Mhindi mzee ndiye aliyesema kweli? Mtu aliyeishia darasa la nne amsahihishe mwalimu mkuu? 

"Tutabadilisha, Mwalimu," akasema.

Mwalimu alivuka barabara kwa magongo yake kwenda kwenye kibanda cha chai cha Agneta, ambako mwanafunzi wake wa zamani alikuwa akimpungia mkono. Seline akabaki benchini. Walubengo akateremka shimoni, akafungua nati, na oili ikashuka kwenye karai. Ee bwana! Oili ya otomatiki huwa nyekundu. Hii ilikuwa nyeusi tititi na ilinuka kuungua. Tena ilitoka nusu tu, kwa sababu ndani ya giaboksi la namna ile mna bakuli kubwa linalozungusha oili, na bakuli hilo halimwagiki kwa chini. Nusu ya uchafu wa miaka tisa ilikuwa imejificha mle ndani, na yeye alitakiwa aimiminie oili mpya juu yake. Mwili ulimsisimka kwa kinyaa.

Akatoka shimoni, akachukua mtungi, akapima lita mbili.

"Hiyo ni nini sasa?" Seline akauliza.

"Dizeli, Mama. Naosha tu."

"Osha, osha. Mimi napenda mtu msafi."

Akaitia. Akawasha injini, akasogeza gia mbele, nyuma, mbele, nyuma, kisha akazima na kumwaga. Dizeli ilitoka nyeusi, akafurahi kuiona ilivyo nyeusi. Hakujiuliza kama lita mbili zilizoingia zilikuwa zimetoka zote. Akatia oili mpya, nyekundu safi, akaenda kulijaribu gari hadi darajani na kurudi. Lilikwenda vizuri ajabu, hata kule kusita kukaisha. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Seline akampimia mkebe mzima wa omena, akaongeza kiganja juu yake.

Siku nne gari lilikwenda hivyo hivyo, vizuri.

Jumamosi, saa nane mchana, dereva wa lori la mchanga alisimama Nyamasaria akapiga honi. "Fundi! Mwalimu Obiero anakuita Otonglo. Gari yake imekataa." Akaondoa lori kabla hajaulizwa zaidi. Walubengo alichukua pikapu yake na kamba, akapita mjini akipiga mluzi. Nalisema hilo la mluzi kwa sababu yeye mwenyewe halisahau.

Pijo lilikuwa kando ya barabara, kwenye kile kimwinuko cha Otonglo, kati ya Kisian na mjini, ambacho mtoto mwenye baiskeli mbovu anakipanda bila kusimama. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye usukani, mlango wazi, magongo yamelala chini kwenye vumbi.

"Injini inalia," alisema bila kumtazama. "Nakanyaga, inalia, lakini haiendi. Imeningurumia tu hapa. Seline ameshikwa, Walubengo. Benta amejaribu kusimamisha magari mpaka sauti ikamwisha. Dakika arobaini. Lori moja ya mchanga ndiyo ilisimama, nikamtuma dereva akuite. Benta ameenda naye."

Benta alikuwa mke wa mwana wao, Ouma, aliyefariki miaka miwili kabla ya hapo na kumwachia watoto wawili. Alikuwa akiishi nao Kisian, na Seline alimpenda kama aliyemzaa.

Walubengo alifungua boneti. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakisogeza puani. Kilinuka dizeli. Oili yenyewe ilikuwa nyepesi, inachuruzika upesi, na ndani yake mlikuwa na chenga nyeusi, vipande vya sahani zilizokwisha kabisa.  Alikifuta kijiti kwa shati lake badala ya kitambaa, akakirudisha.

"Ni nini?" Mwalimu akauliza.

"Imechoka tu, Mwalimu. Ni mzee."

Uongo huo ulimtoka upesi, hata yeye alishangaa. Alikuwa bado ameinamia injini, akijifanya kukaza kitu ambacho hakikulegea, Benta alipotokea kutoka upande wa mjini. Alikuja kwa miguu, peku, kitambaa cha kichwa kimepotea. Mkononi alikuwa na viatu vya Seline. Mwalimu aliviona viatu akaanza kupiga usukani kwa ngumi, taratibu, bila kulia, na Benta akakaa chini barabarani pale pale alipofika. Seline alikata roho ndani ya lori kabla hawajafika hata uwanja wa ndege ulio nje ya mji. Muuguzi alimwambia Benta kwamba wangemfikisha nusu saa mapema, angepona kama siku zote.

Sasa ngoja uone binadamu walivyo. Kabla maiti haijalala siku mbili mochwari, Dorca, dada yake Mwalimu, alikuwa ameshapata mwenye makosa. Asubuhi ya Jumamosi ile Benta alikuwa amechoma mabua ya mahindi shambani ili kusafisha shamba kabla ya mvua. Upepo wa ziwani ukageuka, moshi ukaingia nyumbani, pumu ikamshika Seline. Ikawa basi.

"Nyar Nyakach alimaliza Ouma, sasa amemaliza mama ya Ouma," Dorca aliwaambia wanawake waliokuja kuomboleza, akimwita Benta kwa jina la kwao, binti wa Nyakach. "Tukimzika wifi yangu, huyu anarudi kwao. Watoto ni wa boma hii, watabaki."

Habari hizo zilimfikia Walubengo gerejini. Hakula. Usingizi ulimpaa. Alijua kwamba Seline alikuwa ameshavuta moshi mara nyingi maishani mwake, wa mabua, wa jikoni, wa omena ikikaushwa, na mara saba gari lilimfikisha. Safari hii gari halikumfikisha, na aliyeliua alikuwa yeye. Benta atatupwa nje, watoto wabaki bila mama, kwa lita mbili za dizeli yake. Alijiambia atasema. Jumatano akasema atasema Alhamisi. Alhamisi akajiambia mambo kama haya hayasemwi gerejini, yanasemwa mbele ya watu, matangani.

Ijumaa Mwalimu akamtumia ujumbe. Alitaka gari liletwe nyumbani, lisimame uani siku ya mazishi, kwa sababu Seline alilipenda. Walubengo ndiye atakayelileta, nani mwingine? Basi Jumamosi asubuhi alilifunga kamba na kulivuta kutoka Otonglo hadi Kisian. Fundi yeyote aliyefundishwa anajua otomatiki haivutwi kwa kamba, giaboksi litakwisha. Alilijua hilo tangu kwa Harbans. Lakini pale palikuwa pamebaki nini cha kulinda?

Boma lilikuwa limejaa. Jeneza liliwekwa chini ya turubali, kwaya ya kanisa pembeni, na Pijo likasimamishwa karibu na kaburi huku wanawake wakiligusagusa na kulia, "Yawa, min Ouma! Jamani, mama Ouma!" Benta hakuwepo uani. Alikuwa amewekwa jikoni nyuma ya nyumba, apike, asionekane. Hotuba zikaanza. Betri ya kipaza sauti ilikufa mapema, kila mtu akawa anapaza koo lake. Dorca aliposimama alitaja moshi mara tatu, na wazee wakaitikia kwa kichwa. Kisha mwongozaji akasema, "Rafiki wa nyumba hii, fundi Walubengo, hata yeye apewe dakika mbili."

Walubengo alisimama. Kofia aliishika kwa mikono miwili, akiizungusha.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema. "Nataka kusema kitu kimoja. Mama Seline hakuuawa na moshi. Benta hana makosa. Gari ndiyo ilikataa, na ni mimi niliiharibu. Nilitia dizeli ndani ya giaboksi. Nilitaka kuosha. Dizeli ilibaki ndani, ikamaliza kile kitu kinashika. Ni mimi."

 Kisha sauti ikatoka kwenye kundi la madereva waliokuwa wamekaa kwenye nyasi. "Fundi, mimi naosha lori yangu na dizeli miaka kumi. Imeua nani?" Mwingine akadakia, "Hata mimi. Kila mtu hapa." Watu wakacheka chini chini, kicheko kile cha matangani cha kujificha kwenye kiganja.

"Nyinyi mnaosha injini!" Walubengo akapaza sauti. "Hii ni giaboksi ya otomatiki, si kitu kimoja! Nisikilizeni!"

Dorca alinyanyuka, akamshika bega kwa upole kabisa. "Mnaona huyu jamwa? Si mtu wa kwetu, lakini ana roho kutushinda. Anaona huruma, anataka kubeba makosa ya mwenye makosa. Asante, fundi. Mungu akubariki." Na watu, ole wao, wakampigia makofi.

Walubengo akaachana nao, akamgeukia Mwalimu. Katika boma lile zima ni mtu mmoja tu aliyekisoma kile kitabu. Mwalimu alikuwa ameketi karibu na jeneza, magongo yakiwa mapajani. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anamtazama Walubengo jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesimama kutoa jibu.

"Fundi," akauliza, na watu wakanyamaza. "Kitabu kilisema uoshe?"

"Hapana, Mwalimu. Kitabu kilisema kubadilisha tu." Walubengo aliacha kuizungusha kofia. "Na hata kubadilisha, Mzee Harbans alinikataza. Alisema gari imezeeka, oili iachwe. Sikukuambia. Wewe ulikuwa umesoma, mimi sijasoma. Nilinyamaza."

Alielewa. Usidanganywe na mtu yeyote, Mwalimu Obiero alielewa kila neno. Uso wake ulibadilika, taya likacheza, na macho yakaenda kwenye mfuko wa koti, ambako kitabu kilikuwa bado kimo. Nani alikileta kile kitabu Nyamasaria? Nani alisema ni aibu kukaa na uchafu? Lingetosha neno moja kutoka kwake, kwamba fundi anasema kweli, na Benta angetoka jikoni akae na watoto wake. Lakini neno hilo lingemlaza yeye mwenyewe kila usiku karibu na kosa lake mpaka kufa. Moshi ulikuwa rahisi zaidi.

"Kaa chini, fundi," akasema. "Tumekusikia. Kasisi, tuendelee na maombi."

Walubengo akakaa.

Seline alizikwa saa tisa. Saa kumi na moja, jua likiwa bado juu ya ziwa, Dorca alikuwa ameshatoa sanduku la nguo za Benta na kuliweka langoni. Watoto walikuwa wamefungiwa ndani, na kilio chao kilisikika mpaka barabarani. Hakuna aliyejitolea kumpeleka, kwa hiyo Walubengo alipakia sanduku kwenye pikapu bila kuomba ruhusa. Benta akapanda mbele, mikono ikinuka moshi wa jikoni. Angemshusha stendi ya mabasi, apate gari la kwenda kwao Nyakach.

Wakashika barabara ya mjini. Kisha Benta akauliza, akiangalia mbele, "Ulisema nini pale? Nilikuwa jikoni. Nilisikia tu wanacheka, halafu wakapiga makofi."

Angeweza kunyamaza. Alikuwa na uzoefu wa kunyamaza. Lakini alimwambia yote: Harbans, oili nyeusi, lita mbili, kijiti alichokinusa kando ya barabara, na ule uongo wa kwamba gari limechoka. Benta alisikiliza mpaka mwisho, na hakucheka.

"Mama Seline ndiye aliniambia nichome yale mabua," akasema. "Alisema mvua itatukuta. Mwalimu alikuwa amekaa barazani, akasikia."

Walubengo akapunguza mwendo.

"Na leo, uliposema hayo, Mwalimu alielewa?"

"Alielewa."

"Akasema nini?"

"Aliniambia nikae chini."

Walikuwa wamefika Otonglo, pale pale kwenye kimwinuko. Chini ukingoni mwa lami kulikuwa na doa jeusi la oili, na juu yake vumbi.

"Simamisha," Benta akasema.

"Stendi bado mbali, Mama. Niache nikufikishe. Niache nifanye hata hiki."

"Simamisha gari."

Akasimamisha. Benta alishuka, akazunguka nyuma, akashusha sanduku mwenyewe. Walubengo alipotoka ili kumsaidia, Benta alimwangalia mara moja tu. Ndiye mtu wa kwanza siku ile kumwamini waziwazi, na kwa sababu alimwamini hakuweza kubaki garini mwake. Aliikunja leso ikawa ngata, akaiweka kichwani, akajitwisha sanduku, akaanza kutembea kuelekea mjini kandokando ya barabara.

Walubengo alirudi ndani ya pikapu, akatia gia ya kwanza, akamfuata nyuma pole pole, dirisha wazi, akimwita kwa jina. Magari yalimpigia honi na kumpita. Alimfuata hivyo mpaka uwanja wa ndege, na Benta hakugeuka hata mara moja.